Kuishi na Biva: Mwongozo kwa Wakazi wa Bonde la Mto Lea

Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021 mvua kubwa ilipiga mashariki ya London. Kituo cha treni cha Pudding Mill Lane, karibu kabisa na uwanja wa Olimpiki wa Stratford, kilijaa maji. Hospitali ya Newham na ile ya Whipps Cross nazo ziliingiliwa na maji, watu wakaombwa watafute huduma kwingine. Maji yale hayakutoka mtoni. Yalishuka kutoka juu, yakakuta lami, saruji na mapaa, yakakosa pa kuzama, na mabomba ya chini ya barabara yakazidiwa.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu mtu akisikia kwamba kuna mnyama anayesaidia kuzuia mafuriko, haraka huuliza kama mnyama huyo angetuokoa siku ile. Jibu la kweli ni hapana, asingetuokoa sote. Ila anafanya kazi ambayo hakuna mtambo wa binadamu unaoifanya kwa bei yake, na anaifanya mahali ambapo wengi wetu tunaoishi Stratford hatujawahi kufika: kwenye vijito vidogo vya juu, maji yanakoanzia safari ya kuja kwetu. Mnyama huyo ni biva. Amerudi Uingereza, amerudi London, na sheria inamlinda. Anayeishi bonde hili anahitaji kumjua.

Biva ni mgugunaji, wa kundi moja na panya na nungunungu. Katika kundi hilo ni wa pili kwa ukubwa duniani; anayemzidi ni kapibara wa Amerika Kusini. Biva mzima ana uzito wa kilo 20 hadi 30. Meno yake ya mbele yana rangi ya machungwa kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo, na hayakomi kukua. Mkia wake ni bapa, mpana, hauna manyoya bali una kama magamba. Hali samaki hata mmoja, ingawa wavuvi wengi wa ndoano bado wanamshuku. Chakula chake ni majani, mimea ya majini, na msimu wa baridi magome ya miti, hasa mierebi na mipopla. Hutoka jioni na usiku. Dume na jike huishi pamoja mwaka baada ya mwaka, wakilea watoto wanaozaliwa mwanzoni mwa kiangazi cha huku, na watoto hukaa na wazazi mpaka wafikie kama miaka miwili ndipo waende kujitafutia mahali pao.

Waingereza walimwinda wakammaliza yapata miaka 400 iliyopita. Walitaka ngozi, walitaka nyama, na walitaka ute wenye harufu unaotoka karibu na mkia wake, uliotumika kama dawa na katika manukato. Safari ya kurudi imekuwa ndefu. Scotland ilifanya jaribio rasmi Knapdale mwaka 2009. Huko Devon biva walionekana wakiishi huru katika Mto Otter, wakafuatiliwa kwa miaka mitano kuanzia 2015, na mwaka 2020 serikali ikaamua wabaki. Tarehe 1 Oktoba 2022 biva akaingizwa rasmi katika orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria ya England. Machi 2025 shirika la National Trust likaachilia wa kwanza England wenye kibali cha kuishi huru kabisa, Purbeck katika jimbo la Dorset.

London haikuachwa nyuma. Machi 2022 Halmashauri ya Enfield na chuo cha Capel Manor waliwaweka biva katika uzio wa shamba la Forty Hall, na mwaka uliofuata akazaliwa mtoto pale. Oktoba 2023 familia ya biva watano ikaletwa kutoka Tayside, Scotland, ikaachiliwa Paradise Fields, Greenford, magharibi ya jiji.

Forty Hall inatuhusu sisi moja kwa moja. Kijito cha Turkey Brook kinapita hapo kikielekea Mto Lea, na Lea ndio mto unaopita Stratford. Unaanzia Leagrave karibu na Luton, unazunguka Hertford na Ware, unateremka Enfield, Tottenham na Hackney, unakatiza Bustani ya Olimpiki ya Malkia Elizabeth, kisha unaingia Thames baada ya kilomita 68 hivi. Tone linalonyesha Enfield Jumatatu linakuja kwetu. Tofauti ni kama litakuja kwa kukimbia au kwa kutembea.

Hapo ndipo ufundi wa biva ulipo. Mnyama huyu ni mwoga nchi kavu na jasiri majini. Hutaka mlango wa nyumba yake uwe chini ya maji ili adui asiingie, kwa hiyo anapokuta kijito cha kina kifupi, chenye maji ya kufika gotini tu, hukiziba kwa matawi, mawe na tope mpaka maji yapande. Ukikitazama kizuizi chake kwa karibu utaona jambo linalomchanganya mtu aliyezoea mabwawa ya saruji: kinavuja kila mahali. Maji yanachuruzika katikati ya vijiti, yanapita pembeni, yanamwagika juu, yanatafuta njia nyasini. Nyuma yake kuna bwawa, na chini yake mara nyingi kuna kizuizi kingine, na kingine. Mvua ikija, kila bwawa linameza kidogo na kutoa polepole. Jua likikaza wiki kadhaa, mabwawa yale yale yanaendelea kudondosha maji kijitoni.

Waliotokea Machakos, Makueni au Kitui wataielewa hesabu hii haraka, kwa sababu mabwawa ya mchanga ya Ukambani hufanya kazi kwa mantiki hiyo: huwezi kuamuru mvua, lakini unaweza kuichelewesha.

Na imepimwa. Mwaka 2011 jozi moja ya biva iliwekwa katika uzio mdogo wa kijito huko Devon. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliporudi na vipimo vyao walikuta mabwawa 13 yamefuatana. Kilele cha maji baada ya mvua kubwa kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa asilimia 30 hivi kati ya sehemu ya kuingilia na ya kutokea. Mabwawa hayo yalikuwa yamenasa zaidi ya tani 100 za udongo, sehemu kubwa ikiwa imetoka mashamba ya juu, pamoja na naitrojeni ambayo ingechafua mto. Katika bonde la Mto Otter kwenyewe, familia moja ya biva ilijenga vizuizi sita juu ya kijiji cha East Budleigh, kijiji kilichozoea kufurika, na wimbi la maji linalofika kijijini likapungua. Watu wa East Budleigh wako mahali tulipo sisi: chini ya mto.

Sasa nieleze kitu ambacho magazeti huruka. Stratford hutaona biva akijenga bwawa. Lea ya hapa ni pana na yenye kina, imebanwa kwa kuta na milango ya maji, na biva hajengi penye maji ya kutosha. Akifika siku moja, atachimba shimo ukingoni, atakula mierebi ya pembeni na kuishi kimya. Faida yetu itatoka Enfield na Hertfordshire, kwenye mitaro na vijito ambavyo mtu anaviruka kwa hatua moja. Kwa hiyo anayesema "tuleteeni biva Stratford watuokoe" ameelekeza ombi mahali pasipofaa. Ombi letu ni kwamba vijito vya juu vipewe nafasi, iwe kwa biva, iwe kwa mikono ya watu. Huko Enfield kazi ya mikono imeshaanza: shirika la Thames21 na halmashauri wamechimba maeneo oevu kama yale ya Firs Farm, na Enfield Chase imepandwa miti 100,000 hivi kwenye nyanda za juu.

Kumwona kwa macho yako

Usiishie kusoma. Panda laini ya Central hapo Stratford, chagua treni inayoelekea West Ruislip (ile ya Ealing Broadway itakupeleka kwingine), ushuke Greenford. Ni chini ya saa moja, hubadilishi treni. Paradise Fields iko mwendo mfupi kwa miguu, nyuma ya maduka ya Westway Cross. Zamani palikuwa uwanja wa gofu. Mradi unaendeshwa na Ealing Wildlife Group, Citizen Zoo, marafiki wa Horsenden Hill na Halmashauri ya Ealing, na fedha za meya wa London zilichangia. Eneo la Greenford, pamoja na kituo chake cha treni, lilikuwa likisumbuliwa na mafuriko, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuchagua mahali hapo.

Kinachopafanya pawe pa pekee ni kwamba umma unaruhusiwa kuingia. Biva wamezungukwa na uzio, lakini watu wanatembea humo humo na watoto wao. Mchana biva wamelala, basi tafuta kazi yao. Angalia visiki vya mierebi: vimechongoka juu, vina alama za meno mawili mawili sambamba, na chini yake kuna vipande vyeupe vya mti vilivyotapakaa kama vimetoka karakana. Usisikitike kwa mwerebi huo. Subiri majira ya kuchipua uone machipukizi yanavyotoka kisikini, marefu na mengi. Ukitaka kumwona mwenyewe, nenda saa ya jua kuzama, au jiunge na matembezi yanayoongozwa na watu wanaojitolea. Kaa kimya, simama mbali na maji, usiwashe tochi kali, usimrushie chakula. Mbwa afungwe kamba muda wote. Biva mwenye watoto akibanwa na mbwa atauma, na meno yanayoangusha mti hayacheki na mguu wa mbwa.

Maji ya mabwawa na mito usiyanywe, na osha mikono kabla ya kula. Hilo ni kwa mto wowote wa mjini, biva awepo asiwepo.

Akija jirani

Watoto wa biva huhama wakikua, na wengine huachiliwa kinyemela na watu wasio na kibali, jambo lililo kosa kisheria. Kwa hiyo si ajabu siku moja mtu anayetembea kando ya Lea akaona mnyama mkubwa wa kahawia akiogelea. Kwanza tazama mkia. Fisi maji ana mkia mrefu wenye manyoya unaochongoka mwishoni. Biva mkia wake ni bapa. Piga picha ukiwa mbali, kisha uwape taarifa London Wildlife Trust.

Ujue sheria inasemaje. Ni kosa kumkamata biva, kumuua, kumjeruhi au kumsumbua kwa makusudi, na ni kosa kuharibu makazi yake, bila kibali cha Natural England. Mtu asichukue jembe akaenda kubomoa bwawa kwa sababu tu maji yamefika kwenye bustani yake. Awapigie simu Natural England kwanza. Njia za kuishi naye zipo, na nyingi ni za bei ndogo. Mti unaoupenda, uwe mtofaa wa bustani ya ushirika au mti wa kivuli, uzungushie wavu wa waya mgumu kufika urefu wa mita moja hivi, ukiacha nafasi ya shina kunenepa. Wapo wanaopaka shina rangi iliyochanganywa na mchanga. Meno hayapendi mchanga. Bwawa likipanda kupita kiasi, mafundi hupitisha bomba katikati ya kizuizi, mdomo wake ukiwa ndani ya kizimba cha waya mbali na ukingo, ili maji yashuke hadi kina kinachokubalika bila biva kugundua yanakotorokea. Mdomo wa kalvati nao unaweza kuzungushiwa uzio asiuzibe. Dawa kubwa kuliko zote ni nafasi: biva hufanya karibu shughuli zake zote ndani ya mita 20 kutoka majini. Ukingo ukiachwa na mierebi na nyasi kwa upana huo, bila kulimwa wala kujengwa, ugomvi mwingi hauanzi.

Si haki kuwaambia wakulima kwamba hawana sababu ya kulalamika. Tayside ina tambarare, ardhi nzuri ya kilimo iliyokaushwa kwa mitaro, na bwawa moja likiziba mtaro mmoja linaweza kuzamisha shamba. Mwaka 2020 biva 115 waliuawa huko kwa vibali halali. Familia ya Greenford ilitolewa katika eneo hilo la mgogoro. Naamini mkulima wa Hertfordshire anayekubali sehemu ya shamba lake ilowe ili Stratford isifurike anastahili kulipwa kwa huduma hiyo. Sisi wa mjini tunaofaidika tusimwachie mzigo yeye peke yake halafu tumwite mchoyo.

Na sisi je?

Nilisema maji ya Julai 2021 hayakutoka mtoni. Hapo biva hana la kufanya, sisi tunalo. Mitaa mingi ya Newham ua wa mbele umefunikwa saruji ili gari likae. Tangu Oktoba 2008 kufunika zaidi ya mita 5 za mraba kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyaelekeza penye udongo, kunahitaji kibali cha mipango miji. Changarawe au matofali yenye mianya yanabeba gari vizuri na yanakunywa mvua. Pipa chini ya bomba la paa linasaidia, mradi ulimwage kidogo kabla ya mvua kubwa liwe na nafasi.

Halafu mafuta ya jikoni. Tunakaanga sana: sambusa, maandazi, samaki, viazi. Mafuta yakimiminwa kwenye sinki yanaganda bombani. Mwaka 2017 donge la mafuta na vitambaa vya kujipangusia lilikutwa chini ya Whitechapel, urefu mita 250, uzito unaokadiriwa kuwa tani 130. Bomba likiziba, maji taka hutafuta pa kutokea, na mara nyingi ni mtoni au sebuleni kwa mtu wa ghorofa ya chini. Tangu 2016 kuna handaki kubwa kutoka Abbey Mills, jirani yetu hapa, hadi Beckton, lililojengwa kuzuia maji taka yasimwagike Lea, lakini handaki halisafishi bomba la nyumba yako. Acha mafuta yapoe, yatie kwenye chupa, yatupe na taka.

Neno kwa wanaonunua viwanja nyumbani. Wengi wetu tunatuma fedha Dar es Salaam au Nairobi, na kiwanja cha bei nafuu mara nyingi kiko bondeni. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Waliojenga kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, wanajua gharama ya kupuuza jambo hilo. Mwachie mto ukingo wake, huko kama huku. Lakini asije mtu akapendekeza kupeleka biva Afrika. Argentina iliwaleta kutoka Kanada mwaka 1946, ikawaachilia Tierra del Fuego ambako hawana adui na ambako miti haichipui tena ikikatwa. Misitu mikubwa ya kando ya mito imekufa na biva wamevuka hadi Chile. Biva ni fundi wa mito yake.

Fanya mambo machache mwezi huu. Ingia tovuti ya serikali uangalie hatari ya mafuriko kwa postikodi yako, usome zote mbili, ya mto na ya maji ya mvua. Hifadhi namba ya Floodline, simu ya taarifa za mafuriko: 0345 988 1188. Ukiona mafuta, povu au samaki waliokufa Mto Lea, piga 0800 80 70 60 wakati wowote. Ukipata Jumamosi, nenda na watoto kwenye shughuli za Thames21 za kusafisha mto. Hawaulizi umetoka nchi gani, na vifaa wanatoa wao. Na halmashauri au mwenye ardhi wa huko juu akiomba maoni ya wananchi kuhusu kuwaleta biva au kurudisha maeneo oevu katika bonde la Lea, jaza fomu hiyo. Wenye mashamba na wavuvi wataandika, na wana haki. Watu wa Stratford, wanaokaa maji yanakoishia, waandike pia.